Kutazama sanaa Madrid kwa bajeti ya kubana: mambo ya kuzingatia kabla

Anayekwenda Madrid kwa ajili ya michoro huku mfuko ukiwa hauna pumzi aanze na kalenda, hesabu ya hela ifuate. Majumba matatu makubwa ya sanaa ya mji ule, Prado, Reina Sofía na Thyssen-Bornemisza, yako jirani kiasi kwamba unatoka moja hadi jingine kwa miguu, na yote yana saa za kuingia bure. Saa hizo ndizo zitakazokupangia safari, kuanzia siku ya kufika hadi saa ya kula.

Prado ni bure Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, na Jumapili na sikukuu kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Reina Sofía ni saa 1 hadi saa 3 usiku, ila Jumapili ni saa 6:30 hadi 8:30 mchana, na Jumanne hawafungui kabisa. Thyssen ni Jumatatu, saa 6 mchana hadi saa 10 jioni. Kwenye simu yako andika 18:00 na 19:00 kama wao wanavyoandika, maana mwezi Juni jua la Madrid bado liko juu saa 2 usiku na ni rahisi kujisahau. Ukiangalia vizuri utaona Jumatatu mtu anaweza kuyamaliza yote matatu bila kutoa hata senti. Sishauri. Baada ya saa nne za kusimama mbele ya picha macho yanagoma, na unaanza kutafuta viti kuliko michoro.

Bure nayo ina bei yake, na bei hiyo ni foleni. Pale Prado watu hujipanga mapema kabla ya saa yenyewe, kisha ukishaingia una muda usiofika hata saa mbili kamili, kwa sababu wahudumu huanza kuwatoa watu kabla ya kufunga. Jumba lile halitoshi kwa muda huo. Kwa hiyo kama una hela ya tiketi moja tu safari nzima, ipeleke Prado: yuro 15, uingie saa 4 asubuhi wanapofungua, utembee bila kusukumwa. Majumba mengine yafuate kwa saa zao za bure. Mwanafunzi wa miaka 18 hadi 25 haingii kwenye hesabu hii, kwani Prado na Reina Sofía humruhusu bure wakati wowote akionyesha kadi ya chuo iliyo hai. Kama ya kwako imepita tarehe, ihuishe kabla ya kupanda ndege.

Kabla ya kuingia, chagua picha chache na ujue ziko vyumba gani, ramani ipo kwenye tovuti yao. Las Meninas ya mchoraji wa Kihispania Velázquez, ya mwaka 1656, haihitaji kutafutwa sana, fuata tu umati. Ninayempigia debe mimi ni Juan de Pareja, aliyekuwa mtumwa wa Velázquez, mwenye asili ya Kiafrika, akaachwa huru na kuwa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Picha yake ya Mathayo akiitwa na Yesu, ya mwaka 1661, ni mali ya Prado. Usianze na Yesu. Angalia ukingo wa kushoto. Yule aliyesimama akikutazama wewe, mkononi ana karatasi yenye jina lake, ni Pareja mwenyewe. Ukifika dawati la maelezo uliza chumba, kwani picha huhamishwa. Na usipange kupiga picha humo, Prado hawaruhusu. Chukua kijidaftari.

Reina Sofía watu huenda kwa ajili ya Guernica, picha ya Picasso ya mwaka 1937, yenye upana unaokaribia mita 8. Ilikaa miaka mingi New York hadi ilipopelekwa Hispania mwaka 1981. Ingia uende kwake moja kwa moja, vingine utaviona ukirudi.

Gharama inayouma zaidi haiko mlangoni mwa makumbusho. Mwenye pasi ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: yuro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi hata ukinyimwa, pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Toka uwanja wa ndege panda basi la njano la yuro 5, ambalo mchana hukushusha stesheni ya Atocha, hatua chache kutoka Reina Sofía.

Chakula cha mchana tafuta menyu ya siku, iliyoandikwa kwenye ubao nje ya mgahawa: sahani mbili, mkate, kinywaji au kitamutamu kwa bei moja. Wengi huanza kula saa 8 mchana, kwa hiyo Jumapili ya Reina Sofía ule kitu kwanza. Asiyekula nguruwe awe macho hata kwenye dengu, kwani mara nyingi hupikwa na vipande vya soseji. Sema "sin cerdo", yaani bila nguruwe, kabla ya kuagiza. Maji ya bomba ni salama, beba chupa yako. Begi kubwa litabaki mapokezi, na kwenye metro begi dogo likae kifuani.

Tarehe za kuepuka ni Januari 1, Mei 1 na Desemba 25, Prado hufungwa. Januari 6, Desemba 24 na 31 hufunga saa 8 mchana, hivyo saa za bure hakuna. Jumatano ikikukuta huna mpango, Akademia ya San Fernando, jumba jingine la sanaa, ni bure siku hiyo, ina picha kadhaa za mchoraji Goya, na foleni yake si ya kutisha.