Unaanza kozi ya magonjwa ya mimea? Anzia shambani

Jamani mnaoanza kozi ya magonjwa ya mimea Makerere au chuo kingine hapa Uganda, msikimbilie kukariri majina ya Kilatini, yatakuja tu. Kwanza shika hii: ugonjwa unatokea pale mmea usio na kinga, kimelea na hali ya hewa inayokifaa vikikutana, kikikosekana kimoja hakuna ugonjwa.

Halafu nenda shambani na simu na kisu. Anza na mnyauko wa migomba wa bakteria, ule ulioripotiwa kwetu 2001 huko Mukono. Angalia kama ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, limenyauka na ndizi zinaiva kabla ya wakati, kata moja uone kama ndani ni kahawia, kisha kata shina usubiri dakika chache, utaona ute wa njano unatoka, bakteria wamejaa humo. Sasa hicho kisu usihamie nacho mgomba mwingine!! Kipitishe motoni au kioshe na jiki kwanza, nasisitiza maana sisi wanafunzi tunaweza kumalizia mzee wa watu shamba lake na ametukaribisha vizuri kabisa.

Usichanganye na mnyauko fuzari, huo ni fangasi, njano inaanzia majani ya zamani, ndizi ndani hazina shida na ute hauoni. Unashika sana aina za migomba kama bogoya na kayinja, matoke yetu (ndizi za kupika) siyo sana.

Kwenye noti andika tarehe, aina ya mgomba, mvua ilivyokuwa, na muulize mwenye shamba alipata wapi miche.