Kabla hujaingia kwenye IELTS na maneno yako magumu, weka haya sawa

Kuna sentensi nilikutana nayo kwenye insha ya dada mmoja muuguzi, anajiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ili aende kufanya kazi Uingereza, ameandika "The government should eradicate the plethora of unemployed youths". Alikua anaiamini sana hiyo sentensi maana eradicate na plethora alikua kazikariri wiki nzima na aliona lazima zimpandishe bendi, yani alama za huo mtihani. Nikamwambia dada yangu hebu tuiseme kwa Kiswahili, "serikali iwatokomeze vijana wasio na ajira", akashtuka mwenyewe, akasema jamani sikumaanisha hivo. Sisi tunatokomeza malaria, tunatokomeza ujinga na umaskini, watu hatuwatokomezi, na eradicate iko hivo hivo, inakaa na poverty, inakaa na malaria, inakaa na corruption. Alichotaka kusema ni "The government should tackle youth unemployment", maneno sita tu, na hapo tackle ndo neno la kiwango, sio kwa sababu ni gumu ila kwa sababu limekaa na mwenzake.

Kwaiyo cha kwanza kabisa kabla hujaanza kukariri chochote, jua maksi zinatoka wapi. Sehemu ya kuandika ni saa 1, maswali mawili, la kwanza maneno yasipungue 150 na la pili, ile insha yenyewe, yasipungue 250, na insha ina uzito mara mbili ya lile la kwanza, ndo maana watu huipa insha dakika 40 hivi. Insha inapimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, umejibu swali au hujajibu, hoja zimepangwa na kuungana vipi, msamiati, alafu sarufi. Yani msamiati ni robo. Robo nzima ni nyingi, sikatai, ila mtu anaetumia mwezi mzima kwenye maneno magumu bila kujifunza kujibu swali ameacha robo tatu mezani. Na hata ndani ya hiyo robo, anaeishia bendi 6 mara nyingi ni yule anaejaribu maneno yasiyo ya kawaida ila yanamponyoka, wa bendi 7 ameshaanza kuonyesha anajua neno lipi linakaa na lipi na lipi linafaa maandishi rasmi. Hakuna sehemu wanahesabu umeweka maneno mangapi marefu.

Hili la neno kukaa na mwenzake sisi tunaoongea Kiswahili tunalijua vizuri sana, tatizo hatulipeleki kwenye Kiingereza. Fikiria mgeni anajifunza Kiswahili anakwambia "nitafanya simu" au "nimefanya pasi shati", utamwelewa ila utajua papo hapo huyu bado, kwasababu simu inapigwa, pasi inapigwa, deki inapigwa, mswaki unapigwa, na hakuna mtu aliekaa chini akakueleza kwanini rushwa inaliwa. Ndo tulivyozaliwa nayo. Sasa msahihishaji akisoma "do a mistake" anasikia kile kile unachosikia wewe kwenye "fanya simu". Sisi tunafanya kosa, wao wana make a mistake. Sisi tunakunywa dawa hata kama ni kidonge, wao wana take medicine. Mvua yetu ni kubwa, yao ni heavy, ukiandika big rain ameshajua umetoa kichwani kwa Kiswahili. Haya ndo makosa yanayoshusha bendi kimya kimya, na hayahusiani kabisa na kutojua maneno magumu.

Kwaiyo daftari lako la msamiati libadilishe leo. Acha kuandika neno moja, mshale, maana. Andika kwa mada, mazingira, afya, elimu, uhalifu, teknolojia, kazi, hizo ndo zinajirudia sana, na kila neno liandike na jirani zake na kale kaneno kadogo kanakolifuata. Mfano ukurasa wa uhalifu, usiandike crime peke yake, andika commit a crime, andika crime rate, andika tough on crime, andika deter people from crime na hiyo from iwekee mstari maana ndo inayosahaulika. Mimi naona maneno nane au kumi kwa mada moja yanatosha kabisa kama yote unayaweza, maana kwenye maneno 250 hutapata nafasi ya kuweka arobaini hata ungetaka. Kipimo changu ni kimoja, kama hujawahi kuliandika neno kwenye sentensi zako mwenyewe mara tatu, na mtu anaejua akazipitia, neno hilo bado sio lako, usiende nalo.

Kuna orodha nyingine fupi ya kuipitia kabla maana inatugusa sana huku kwetu. Equipment, information, advice, furniture, research, hizi hazichukui s. Sisi tuna vifaa na tafiti kwa wingi ndo maana mkono unateleza unaandika equipments na researches. Alafu "discuss about", tunaitoa kwenye "kujadili kuhusu", kwao discuss haihitaji about. "Emphasize on" vile vile, toa on. Inauma kuona mtu kaandika exacerbate vizuri kabisa, imekaa mahali pake, alafu mstari wa pili kaweka discuss about.

Jambo la visawe nalo liangalie vizuri. Watu wameambiwa wasirudie maneno, basi wanafungua orodha ya visawe wanachukua lolote, children inakua offspring, aya inayofuata inakua infants. Infants ni watoto wachanga! Swali linahusu watoto wa shule wewe unaongelea wanaonyonya. Kama insha inahusu maji andika water hata mara sita, hakuna anaekukata maksi kwa hilo. Zungusha vitenzi na vivumishi vinavyolizunguka, water shortage, access to clean water, conserve water, hapo umeonyesha upana bila kupindisha maana.

Sentensi za kukariri za kufungulia na kufungia insha, zile kama "every coin has two sides", ziache nyumbani. Wasahihishaji wanazijua, na haziongezi kitu. Moreover na furthermore kila mwanzo wa sentensi nazo zinachosha. Kids, stuff, gonna hazifai kwenye insha, ila kama unafanya General Training, ile IELTS isiyo ya Academic, swali la kwanza ni barua na inaweza kua ya rafiki, huko ukiandika kama waraka wa wizara ndo umekosea.

Spelingi ni ndani ya kigezo hicho hicho cha msamiati. Kiswahili tunaandika kama tunavyotamka, Kiingereza ukifanya hivo unapata goverment na enviroment, zile n zinapotea kabisa. Ya Uingereza au ya Marekani zote zinakubalika, chagua moja ukae nayo. Kama utafanya kwa kompyuta jua mapema kwamba haikusahihishii spelingi, kwaiyo wiki kadhaa kabla zima kile kisahihishi cha spelingi cha kwenye simu na kwenye kompyuta yako uandike bila mstari mwekundu, wengi wanagundua siku hiyo kwamba accommodation hawaijui.

Siku yenyewe, dakika tano za mwanzo za insha unapopanga hoja, andika pembeni maneno matano sita ya mada hiyo kutoka kwenye kurasa zako, yakiwa na jirani zake, kabla presha haijapanda. Alafu bakiza dakika kama nne mwishoni. Pitia s za kwenye vitenzi, pitia zile n, na ukikuta neno ambalo moyo unasita, unajiuliza hivi linakaa na of au na to, lifute, weka lile la kawaida unalolijua, dakika hizo nne zinatosha kubadilisha matatu au manne.