Mjue buibui wa nyumbani kwa mayai yake

Mimi ni fundi rangi, nakaa Majengo, na kwa miaka 22 nimepanda ngazi katika nyumba za Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Bamburi. Mwenye nyumba huona buibui wawili watatu kwa mwezi. Mimi nikivuta kabati kutoka ukutani asubuhi moja, nawaona wote na ukoo wao. Hapo ndipo mtu husimama mlangoni na kuuliza, "Fundi, huyo ana sumu?" Zamani nilikuwa nakisia tu. Siku hizi nasema ngoja kwanza nitafute mayai. Buibui hukimbia kabla hujamtazama vizuri, lakini mayai hayana miguu.

Anza na ukuta. Ukiona viduara vyeupe vimebandikwa nyuma ya picha au juu ya fremu ya mlango, bapa kama karatasi, vidogo kuliko sarafu ya shilingi, usidhani ni fangasi wala chokaa iliyoruka. Hivyo ni vifuko vya mayai vya buibui bapa. Mwenyewe amekaa kama aliyepigwa pasi, kijivu au kahawia, miguu ameitandaza ubavuni kama kaa. Hafumi utando wa kunasia. Ukimsogelea anachomoka upande, hata jicho halimwahi. Hana neno na mtu.

Kwa mwenye kupaka rangi, viduara hivyo ndiyo balaa. Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Tudor, nikavipitisha rola juu kwa haraka ya kumaliza. Kaskazi moja tu, rangi ikaanza kubanduka duara duara, sebule nzima ikaonekana ina ndui. Nilirudia kwa gharama yangu. Kwa hivyo kwangua kwanza kwa skrepa, pitisha msasa, pangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, ndipo upake.

Inua macho sasa uangalie pembe za dari. Yule mwenye miguu mirefu myembamba kama nywele na kiwiliwili kama punje ya mchele, huyo hubeba mayai yake mdomoni, yamefungwa pamoja kwa nyuzi chache kama kifurushi cha punje za uwele. Mguse kwa kijiti: atatikisika na utando wake mpaka usimuone sawasawa. Anakula mbu, anakula hata buibui wenzake. Kosa lake ni moja, anafanya nyumba ionekane haina mwenyewe, maana tandabui zake hushika vumbi na moshi wa jiko mpaka zikawa kama kamba nyeusi.

Namna ya kuzitoa watu wengi hukosea. Wanachukua ufagio wa chelewa na kuupiga ukuta kama wanaua nyoka. Matokeo yake ni mistari myeusi isiyotoka ila kwa rangi mpya (na mimi sikatai kazi, lakini nakwambia ukweli). Funga ufagio kwenye mti mrefu, uvike fulana kuukuu iliyolowa kidogo na kukamuliwa, kisha uzungushe polepole kwenye utando, kama mtu anayekunja uzi kwenye kibiringo. Utando unajiviringisha wenyewe na ukuta unabaki safi. Anza juu ushuke chini, na sakafu ufagie mwisho. Kila baada ya wiki mbili yatosha.

Nilikuwa nikifanya kazi hiyo Mji wa Kale, nyumba ya zamani ya boriti, bi mkubwa mwenye nyumba akaniita kutoka chini ya ngazi. "Mwanangu, tandabui zitoe, lakini wenyewe usiwaue." Nikamwambia, "Haya mama." Akanikumbusha kisa cha pango la Thaur alimojificha Mtume Muhammad, buibui aliyefuma mlangoni maadui wasidhani mna mtu ndani. Nami nikamkumbusha kuwa Sura ya Al-Ankabut katika Kurani, aya ya 41, inasema nyumba iliyo dhaifu kuliko zote ni ya buibui. Akacheka, akaniletea kahawa. Wote nikawatoa uani mmoja mmoja, kazi ikachelewa saa nzima.

Kuna yule mkubwa anayetoa watu chooni mbio na sabuni mwilini. Miguu ikinyooshwa anaweza kufika sentimita 12, rangi ya kahawia, na mbele ya uso ana ukanda mweupe kama masharubu. Jike ukimkuta amekumbatia kitu chini ya kifua, bapa na mviringo kama biskuti, ndiyo mayai yake. Hafumi utando wa kunasia. Huwinda usiku, na windo alipendalo ni mende. Ukimminya atauma na utaumia, lakini si sumu ya kukulaza. Ukimuona kila usiku, basi shughulika na mende: funika taka, ziba bomba la sinki, usilaze vyombo vichafu.

Kumtoa, gilasi haimtoshi. Chukua bakuli, mfunike akiwa ukutani, halafu pitisha chini yake kadi ya harusi. Nyumba gani hapa haina kadi ya harusi ya mwaka jana? Ni ngumu, haipindiki. Mpeleke nje, mbali na mlango.

Dawa ya kupuliza nimeiona ikitumika kila mtaa, na sijaona ikimaliza buibui. Inamuua yule iliyemlowesha tu; aliye ndani ya ufa inampita, na mayai yamefunikwa hariri inayoyakinga. Mafuta ya taa ukutani ndiyo mabaya zaidi: ni hatari ya moto, na rangi haishiki tena hapo. Bora utazame taa ya barazani. Taa nyeupe inayowaka usiku kucha huita wadudu, na wadudu huita buibui. Weka balbu ya rangi ya manjano, au izime ukiingia kulala.

Yule mdogo anayeruka ruka dirishani na kukutazama kwa macho makubwa, muache. Huko Mbita, ufukoni mwa Ziwa Victoria, kuna jamaa yake mmoja ambaye watafiti walieleza mwaka 2005 kwamba hupendelea mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Wetu hawana uchaguzi huo, lakini nzi na mbu wanawakamata.

Sasa yule ninayemuogopa. Wataalamu humwita Latrodectus geometricus. Mimi namwita buibui wa ndoo. Mayai yake huyakosei: vifuko vya mviringo, ukubwa wa njegere, rangi ya maziwa, vina miiba miiba pande zote kama shokishoki. Mwenyewe kiwiliwili ni kama sentimita moja, kahawia au kijivu, miguu ina pingili nyeusi, na tumboni kwa chini ana alama ya rangi ya chungwa kama nambari 8. Utando wake ovyo ovyo lakini mgumu, ukiukata unausikia ukilia. Hukaa mahali mkono wako unapoingia bila jicho: chini ya viti vya plastiki, ukingo wa chungu cha maua, kiatu kilicholala uani.

Mimi aliniuma kwenye ndoo tupu ya rangi niliyoifudikiza nyuma ya nyumba. Nilitia vidole chini ya ukingo kuinyanyua, kidole cha kati kikachomwa kama sindano. Kilivimba kidogo, pale palipoumwa pakatoka jasho, na maumivu yalikaa siku mbili. Nilikuwa nimemminya, ndiyo maana. Osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kitambaani, meza dawa ya maumivu. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Maumivu yakipanda mwilini, misuli ikikaza, au aliyeumwa ni mtoto, nendeni hospitali.

Na wale wanaotoka malengelenge wakasema "buibui kanikojolea", nisikie tena? Malengelenge hayo aghalabu ni ya kile kidudu chekundu na cheusi cha msimu wa mvua, Nairobi flai, ukimponda juu ya ngozi. Mpeperushe, usimpige. Yakiwa yamejipanga upande mmoja wa mwili kama mshipi, yanachoma, huo ni mkanda wa jeshi. Muone daktari ndani ya siku 3, maana dawa yake hufaa zaidi ikianzwa mapema.

Buibui wa ndoo simhurumii. Kabla ya masika napindua viti vyote vya uani, navaa glavu, naokota vile vishokishoki kwa kijiti na kuvitumbukiza kwenye maji ya sabuni au kuviponda kwa kiatu. Mwenyewe namfuata vivyo hivyo. Viatu vya kazi navikung'uta kila asubuhi. Ndoo zangu sasa nazipanga zimesimama, vifuniko juu, na bado nazipiga teke kabla sijazishika.