Mchezo wa dola saba za China: namna ya kuuendesha darasani

Mchezo huu unachukua vipindi viwili vya dakika 40 na unaonyesha jinsi Qin ilivyomeza dola sita kati ya 230 na 221 KK. Unahitaji chaki, nusu kilo ya maharage na pakiti ya pipi. Kwa shule za Moshi, msimu wa masika chezea bwaloni, si uwanjani.

Chora ramani ya mita 3 kwa 3 sakafuni. Chovya chaki majini kwanza, la sivyo viatu vitaifuta kabla ya raundi ya tatu. Qin iwe magharibi, Zhao kaskazini, Yan kaskazini mashariki, Qi mashariki kando ya bahari, Chu kusini kote. Han na Wei zibanane katikati.

Kila dola ni kundi la wanafunzi, na harage moja ni askari 10,000. Qin ipewe 60, Chu 30, Qi 25, Zhao 20, Wei 15, Yan 12, Han 6. Hesabu hizi ni za mchezo tu, ila 60 ya Qin ni jeshi ambalo jenerali Wang Jian aliliomba ili aivamie Chu. (Waandishi wa kale hutia chumvi kwenye idadi za majeshi, kwa hiyo zisikaririwe.) Zile sita zikiungana zina 108. Usiwaambie wanafunzi, waache wajumlishe wenyewe.

Qin pekee ndiyo hushambulia, dola moja kwa raundi. Ikiwa na maharage maradufu ya mlinzi, inashinda na kuchukua nusu ya maharage ya mlinzi. Yakipungua hapo, inapoteza nusu ya iliyotuma. Dola yoyote inaweza kumsaidia jirani, lakini msaada hufika raundi inayofuata. Kanuni hiyo usiilegeze hata kidogo, maana ukiilegeza Han haianguki kamwe.

Qi ipewe pipi mbili kila raundi inayokaa kimya, tena kwa siri. Waziri mkuu wake, Hou Sheng, alipokea dhahabu ya Qin, na Qi ikasalimu amri bila kupigana. Wengine wakiziona pipi mapema, mchezo umeharibika.

Wei ina kanuni yake. Mwaka 225 KK jenerali wa Qin, Wang Ben, aligeuza maji ya Mto Manjano yakauzingira mji mkuu wa Wei, Daliang, na baada ya miezi mitatu kuta zikabomoka. Kwa hiyo Qin ikisubiri raundi tatu bila kushambulia, Wei inaanguka. Wanafunzi wa Machame na Kibosho, waliozoea kufungulia maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia mashamba), huelewa mara moja. Wazuie tu wasimwage maji ya kweli, ramani itafutika.

Penye utamu ni Chu. Kundi la Qin karibu kila mara hutuma 20, kama jenerali wa Qin, Li Xin, alivyokwenda na askari 200,000 akapigwa vibaya. Wang Jian alikwenda na 600,000, akajichimbia ngomeni, akakataa kutoka. Chu ilipochoka ikaanza kuondoka, ndipo akaishambulia kwa nyuma. Aliomba pia mashamba mengi kwa mfalme, ili asidhaniwe kuwa anautamani ufalme wenyewe.

Qin ikishindwa, usiiokoe. Tumia dakika 10 za mwisho kuuliza ni msaada gani uliowahi, na nani aliutuma.