Mgeni wa Mombasa muulize saa kabla ya kumtajia hoteli

Naendesha tuktuk kisiwani Mombasa, na kila siku abiria hunambia, "Kaka, tupeleke pahali tukale vizuri." Wenzangu wengi hutaja hoteli wanayoipenda wao na kukanyaga mafuta. Mimi humuuliza mgeni kwanza anataka kula saa ngapi, halafu kama anakunywa pombe au la. Pwani hii chakula kina wakati wake. Pahali palipokupa raha saa moja asubuhi, ukirudi saa sita utakuta sufuria zimeshaoshwa na mwenyewe amelala. Kwa hiyo ukipata mgeni, au ukiwa mgeni mwenyewe, panga siku yako kwa saa.

Asubuhi ni ya Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi kama saa mbili. Hapo ni mahamri na mbaazi za nazi. Usitafute bango. Tafuta mama aliyeweka karai mlangoni kwake na watoto wa shule wamemzunguka na vibakuli vya kupeleka nyumbani. Salimia kwanza, "Shikamoo mama," ndipo uulize kama mahamri yapo bado. Hamri jema limevimba pande zote mbili. Ukilipasua mvuke unatoka na harufu ya iliki, na ndani kuna uwazi, si unga uliojazana. Likikuachia vidole vyote mafuta, karai halikuwa na moto wa kutosha. Mbaazi nazo ziangalie tui: liwe zito, limezikumbatia, lisiwe maji meupe yanayoelea kando. Chovya kwa mkono. Kijiko hapo kinakunyima nusu ya utamu.

Ukishiba, Fort Jesus iko karibu kwa miguu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na asubuhi ndiyo saa yake, kabla mawe hayajashika joto.

Mchana sina maneno mengi. Kama ni Ijumaa, mpeleke mgeni wako akale biriani au pilau mara tu watu wanapotoka msikitini, kwa sababu siku hiyo wapishi wa mjini hupika kwa moyo na chungu huisha mapema. Siku nyingine, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na ufike kabla ya saa saba. Blue Room kule Haile Selassie wenyeji wanaijua kwa sambusa. Aliye na haraka ya treni au basi atatosheka hapo.

Alasiri, kuanzia saa kumi, twende Lighthouse, kule Mama Ngina. Meli zinazoingia Kilindini zinapita mbele yako karibu kabisa. Mihogo ya kuchoma hupasuliwa katikati, ikapakwa ndimu, chumvi na pilipili, na dafu likakatwa pale pale. Mwambie muuzaji, "Nitilie pilipili kidogo," kama mgeni wako hajazoea, maana kiasi cha kawaida cha huku kinamtoa mtu machozi. Jumapili jioni panajaa familia nzima nzima. Mimi napapenda hivyo, lakini ukitaka utulivu chagua Jumanne.

Usiku Mji wa Kale na Makadara huamka tena. Tarboush, barabara ya Makadara, ni ya kuku, mishkaki na mkate wa moto, na meza za nje ndizo za kugombania. Baadaye mtafute muuza kahawa mwenye dele la shaba juu ya makaa. Kahawa chungu yenye tangawizi, kikombe kidogo, na kipande cha haluwa au kashata. Pale barazani wazee wanazungumza siasa na mpira, na mgeni akinyamaza akasikiliza atafundishwa mji bila kulipa.

Sasa wanaokunywa. Mji wa Kale ni mtaa wa Waislamu. Usimtafutie mgeni baa huko, na asipite na chupa mkononi. Mpeleke Moi Avenue, hoteli ya Castle, jengo la mwaka 1909, akae mbele atazame watu wakipita. Mwenye pesa avuke daraja aende Tamarind, Nyali, wakati jua linazama, kwani kutoka kule ndipo utauona Mji wa Kale wote ukiwa ng'ambo ya maji. Anayetaka nyama choma na muziki hadi alfajiri, ni Mtwapa.

Lakini kama kweli unataka kilabu cha kale cha Pwani, hakina ukuta wala kaunta. Ni mangwe, pahali pa kunywea mnazi, yaani tembo la nazi, chini ya minazi, Rabai na Kaloleni. Kwetu ni Kaloleni na babu yangu alikuwa mgema, kwa hiyo hapa nisikilize vizuri. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara, chipukizi la maua ya mnazi, kwa kotama, kisu chake, kipande chembamba tu, na utomvu hudondoka ndani ya kibuyu. Unaanza kuchacha ukiwa bado huko juu. Ndiyo maana mnazi wa asubuhi ni mtamu, hauna nguvu. Wa alasiri umekolea. Wa kesho yake unaelekea siki. Basi nenda mapema, na uliza, "Huu umegemwa saa ngapi?" Ukiambiwa ni wa jana na bado ni mtamu sana mdomoni, umetiwa sukari, uache. Ukiwa mwepesi hauna povu wala harufu, wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kunywa kwa mboko, chombo chake cha kunywea, na mrija wenye chujio, ukae chini na watu, na usipige picha ya mtu kabla hujamuomba. Kwetu mnazi ndio unaopelekwa kwenye posa na mbele ya wazee. Ukinywa kwa adabu utapokelewa kama mtoto wa nyumbani.

Matatu za Kaloleni zinapitia Mazeras, na njiani iko Rabai, ambako mmisionari Mjerumani Krapf alifungua misheni yake mwaka 1846. Kuna makumbusho ndogo pale. Anza na makumbusho, kisha mangwe, usigeuze.

Mwenye siku nzima ya ziada aende kaskazini hadi Dabaso, hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, karibu na Watamu. Kikundi cha wenyeji kinachotunza mikoko kina mkahawa wa mbao juu ya maji. Fika saa kumi na moja, agiza sambusa za kaa, kisha utembee kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko wakati zinakaangwa. Ukifika usiku umekula vizuri tu, ila umekosa hori.

Na mwezi wa Ramadhani geuza ratiba hii yote. Mchana hoteli nyingi za Mji wa Kale hufungwa, na asiyefunga ale mbali na macho ya watu, ndani ya hoteli za katikati ya mji. Kuanzia saa kumi na moja vichochoro hujaa meza za viazi vya karai, kaimati, sambusa na tambi. Nunua mapema lakini usionje pale mezani. Ngoja adhana ya magharibi. Ukiwa umesimama karibu na baraza wakati huo, utaitwa ufuturu nao, hata kama hawakujui. Kubali, na ulete tende.