Somo: Namna ya kusoma sheria ya jimbo kuhusu mafunzo ya watoa huduma za afya ya uzazi (mfano: Maryland)

Habari zenu ndugu mlio kwenye uuguzi na ukunga huko Marekani. Bunge la jimbo likipitisha kitu tu, WhatsApp inajaa: "manesi sasa wanaruhusiwa kutoa mimba!" Nesi yupi? Kafundishwa na nani, kwa hela ya nani? Hapo kimya. Basi tuisome sheria yenyewe. Nimechagua Maryland, muswada HB 937 wa 2022 (HB ni kifupi cha muswada wa Baraza la Wawakilishi) kuhusu nani anaruhusiwa kutoa mimba, maana kisa chake kina ubishi na hela zilizokwama.

Hatua ya 1: Pata maandishi yenyewe. Ingia tovuti ya bunge la Maryland, weka namba ya muswada na mwaka. Chini ya ukurasa wa kwanza wanakueleza: HERUFI KUBWA ni maneno yanayoongezwa kwenye sheria, yaliyo kwenye mabano ya mraba yanaondolewa. Ukishalishika hilo, macho yanakwenda moja kwa moja palipobadilika.

Hatua ya 2: Tazama nani katajwa. Hapa usiharakishe. Sheria ya zamani ilitaka kutoa mimba kufanywe na daktari mwenye leseni, basi. Mpya inasema "mtoa huduma mwenye sifa", kisha inawataja: daktari, nesi wa ngazi ya juu mwenye leseni ya kutibu na kuandika dawa, nesi mkunga, mkunga mwenye leseni, msaidizi wa daktari, na mwingine yeyote ambaye leseni yake inaruhusu kazi hiyo. Nesi wa kawaida wa wodini hakutajwa. Wengi wetu tumo kundi hilo, kwa hiyo punguzeni shamrashamra.

Hatua ya 3: Fuata hela. Sheria hii ilianzisha programu ya mafunzo chini ya idara ya afya ya jimbo, kwa dola milioni 3.5 kila mwaka. Gavana wa wakati huo, Larry Hogan, aliipigia kura ya turufu, akidai kuwaachia wasio madaktari kunahatarisha wanawake. Aprili 9, 2022 bunge likaipindua kura yake, na Julai 1 sheria ikaanza kazi. Ila fedha za mwaka ule wa kwanza sheria haikumlazimisha kuzitoa, naye akazikalia. Zilifunguliwa Januari 2023, gavana mpya Wes Moore alipoingia madarakani. Yaani kwa nusu mwaka ruhusa ilikuwepo na fungu la mafunzo limefungwa! Kuanzia bajeti iliyofuata, gavana analazimika kuliweka, apende asipende. Kwa hiyo kwenye kifungu cha pesa angalia: gavana anaamriwa, au anaachiwa hiari?

Hatua ya 4: Malizia kwa bodi yako ya leseni. Kutajwa kwenye sheria hakukupi ujuzi. Uliza bodi inataka mafunzo gani kabla hujagusa mgonjwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dini yangu hainiruhusu. Mwajiri anaweza kunilazimisha nijifunze?
Jibu: Maryland ina kifungu cha siku nyingi kinachokataza kumlazimisha mtu kutoa mimba au kushiriki. Hakikufutwa.

Swali: Lakini Hogan si alikuwa na hoja? Asiye daktari ataweza kweli?
Jibu: California walilijaribu kabla ya kutunga sheria. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwafundisha manesi wa ngazi ya juu, wakunga na wasaidizi wa madaktari kutoa mimba changa kwa kufyonza, wakafuatilia huduma 11,487 wakiwalinganisha na madaktari. Matatizo yalikuwa asilimia 1.8 kwao na 0.9 kwa madaktari, karibu yote madogo. Sheria ya kuwaruhusu, AB 154, ikasainiwa Oktoba 2013. Na ujuzi huohuo ndio wa kumsafisha kizazi mama ambaye mimba imeharibika yenyewe, jambo ambalo wanasiasa hulisahau.

Swali: Binti yangu anasomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake Texas, ambako kutoa mimba kumepigwa marufuku. Atajifunzia wapi?
Jibu: Baraza linaloidhinisha mafunzo ya madaktari bingwa Marekani linataka kila programu ya fani hiyo itoe nafasi ya kujifunza. Jimbo likikataza, programu impatie nafasi kwenye jimbo linaloruhusu. Asiyetaka kwa imani yake anaruhusiwa kujitoa, ila kutibu matatizo ya mimba iliyotoka lazima ajue.

Swali: Shikamoo mkuu. Nikipata mafunzo hayo Maryland, nikirudi Nairobi yatanifaa?
Jibu: Marahaba. Leseni ya Maryland haikupi ruhusa ya kufanya kazi Kenya, huko utaanza na baraza la wauguzi. Halafu soma Ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010: kutoa mimba hakuruhusiwi, ila pale ambapo kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Huyo mtaalamu ni nani? Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 6, inajibu: daktari, nesi, mkunga au afisa wa kliniki aliyefunzwa kushughulikia matatizo ya mimba. Nesi katajwa waziwazi.