Kabureta ya V8 Kampala: injini inapozembea juu ya mizunguko 4,500

Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 11 kuliko ya pwani. Petroli inayopita kwenye jeti (skrubu ndogo yenye tundu linalopima mafuta) haipungui kwa kiasi hicho. Kwa hiyo kabureta yenye jeti za kiwandani huku inamwaga mafuta kupita kiasi: plagi zinakuwa nyeusi, sailensa inatoa moshi, na gari linavuta vizuri mpaka mizunguko 4,000 au 4,500 kwa dakika, kisha linazembea. Maelezo yafuatayo ni ya kabureta ya Holley 4150 iliyofungwa kwenye V8 (injini ya silinda nane) kama Chevrolet 350, yaani ya inchi za ujazo 350.

Usianze na jeti. Zima injini, mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho, wewe uchungulie kwenye koo la kabureta. Vipepeo (vibati vinavyofungulia hewa) vyote vinne visimame wima, na cha choki pia; kama vya nyuma hufunguliwa na vakyumu (mfyonzo wa injini), angalia viwili vya mbele tu. Kebo iliyolegea au zulia lililokunjamana chini ya pedeli huiba nguvu nyingi kuliko jeti yoyote. Kisha funga geji ya presha karibu na kabureta. Presha ya kawaida ni kati ya 5 na 7 psi. Injini ikiwa mbioni isishuke chini ya 4. Ikishuka, angalia filta, mpira uliobonyea, au pampu iliyochoka. Ikizidi 7, sindano ya boya (kielea kinachodhibiti kiwango cha mafuta ndani ya bakuli la kabureta) inaweza kushindwa kuziba na mafuta yakafurika.

Boya lenyewe hupimwa injini ikinguruma taratibu, gari likiwa mahali tambarare. Fungua skrubu ya kuchungulia ubavuni mwa bakuli: mafuta yafike ukingo wa chini wa tundu, yachuruzike kidogo tu gari likitikiswa. Legeza skrubu ya juu, zungusha nati. Kuelekea saa kunashusha mafuta, kinyume chake kunayapandisha. Weka kitambaa chini na usifanye kazi hii injini ikiwa imechemka, maana petroli inadondokea mahali pabaya kabisa.

Timingi (wakati plagi inapotoa cheche) iwe sawa kabla ya kuendelea. 350 ya zamani huwa salama kwenye jumla ya digrii 34 hadi 36, ikikamilika karibu na mizunguko 3,000. Ukisikia inagonga, rudisha nyuma, na jiulize pia petroli ilinunuliwa wapi: iliyochanganywa na mafuta ya taa inagonga hata kama kabureta haina kosa.

Sasa jeti. Kanuni ya Holley ni kupunguza namba moja kwa kila futi 2,000 za mwinuko. Kampala ni karibu futi 3,900, basi punguza namba mbili, mbele na nyuma: 72 iwe 70, 80 iwe 78. Kabale, kwenye kama mita 2,000, ni namba tatu. Kwenye soko la vipuri la Kisekka utapata plagi, mipira na filta, lakini usitegemee kukuta jeti za namba unayotaka. Agiza seti kabla hujafungua kitu. Wala usipanue jeti kwa drili au kuizibua kwa waya. Tundu likikwaruzwa namba yake haina maana tena. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa kompresa.

Ili kubadilisha, mwaga mafuta ya bakuli kwenye chombo, fungua bolti nne, vuta bakuli na bloku ya jeti. Tumia bisibisi pana inayoenea mfereji wote, kwa sababu jeti ni shaba laini. Weka gasketi nzima na ukaze bolti kwa kiasi, kwa kupokezana. Ukikaza kwa nguvu bloku inapinda na hewa inaingia kusikotakiwa.

Humo ndani kuna pia pawavalvu, yaani valvu inayoongeza mafuta injini ikielemewa, na hapa ndipo mafundi wengi hujikwaa. Hufunguka vakyumu ya injini ikishuka chini ya namba yake: 65 hufunguka kwenye inchi 6.5 za zebaki. Mwinuko nao hupunguza vakyumu kwa kama inchi moja kila futi 1,000. Injini yenye kemushafti kali (shafti ya kufungulia valvu iliyotengenezwa kwa mbio) ambayo pwani ingeonyesha 12, Kampala itaonyesha 8 au 9, na gari la otomatiki likiingizwa gia inashuka zaidi. Hapo 65 inaweza kufunguka hata ukiwa umesimama kwenye foleni. Pima vakyumu gari likiwa kwenye gia, gawanya kwa mbili: 9 inakupa 4.5, yaani namba 45. Ikiwa geji inasoma zaidi ya 12, iache 65. Usiiondoe na kuweka kizibo mahali pake. Utalazimika kupandisha jeti namba sita mpaka kumi, na mafuta yataliwa hata katika mwendo wa kawaida.

Tatizo likiwa ni kukohoa pale tu unapokanyaga ghafla, kisha gari linachomoka vizuri, hilo ni la pampu ya kuongeza mafuta, si la jeti. Vipepeo vikiwa wazi kabisa, acha nafasi ya inchi 0.015 (milimita 0.38) kati ya mkono na kiwiko cha pampu. Kwenye kabureta ambayo vipepeo vya nyuma vinafunguliwa na vakyumu, kukohoa huko humaanisha springi nyepesi mno; nyeupe ndiyo nyepesi kuliko zote, nyeusi ndiyo nzito.

Kupima matokeo barabarani si busara, kwani gia ya pili peke yake inaweza kukuvusha kilomita 100 kwa saa. Tumia uwanja wa mbio kama wa Busiika, au mashine ya kupimia nguvu. Kipimo cha oksijeni cha masafa mapana kionyeshe uwiano wa hewa kwa mafuta wa 12.5 hadi 12.8 pedeli ikiwa chini. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ikiwa uwiano ni mzuri kwenye 4,000 lakini mafuta yanazidi kuwa mengi kuelekea 6,000, tundu la hewa la mwendo wa kasi ndilo dogo. Kwenye modeli ambazo tundu hilo ni la skrubu, weka lililo kubwa kwa hatua moja. Yaliyopigiliwa yaache.

Kuhusu kununua kabureta kubwa zaidi: ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo × mizunguko ÷ 3,456, yaani 350 × 6,000 ÷ 3,456, ni futi za ujazo 608 za hewa kwa dakika, na injini ya barabarani hujaza kama asilimia 85 tu, yaani 516. Ya 600 au 650 inatosha. Ya 850 itafanya gari likohoe kwenye kila mzunguko wa barabara.

Ukiteremka Mombasa na gari hilo, rudisha jeti za kwanza kabla ya kulikimbiza. Zile za Kampala kule zinatoa mafuta pungufu, na pistoni hutoboka bila moshi wowote wa kukuonya.